Majarida Tumelipia, Katalogi Je?

Mwaka 2003 maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini Kenya ziliungana na kuunda KLISC, muungano wa kununua majarida na vitabu vya kielektroniki kwa pamoja. Tayari mpango wa PERI, ulioendeshwa na shirika la INASP la Uingereza, ulikuwa umeonyesha kwamba mchapishaji wa Ulaya au Marekani hulegeza bei akizungumza na nchi nzima, na huikaza akizungumza na maktaba moja moja. Muungano ukaichukua kazi hiyo ya kupatana, wanachama wakachangia ada, na kadiri fedha za wafadhili zilivyopungua mzigo wa kulipa ukahamia kwa vyuo vyenyewe. Kwa vyuo vya kando ya Ziwa Victoria faida ilikuwa kubwa. Maseno, iliyoanza 1990 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga huko Bondo, kilichopata hati yake mwaka 2013, visingeweza kila kimoja peke yake kugharimia mikusanyo inayosomwa Nairobi. Upande wa bei, basi, kazi ilifanywa na ikafanywa vizuri. Hoja yangu ni juu ya nusu ya pili ya kazi hiyo, ambayo haina sherehe ya kutia saini mkataba: kuandika rekodi zinazomfikisha msomaji kwenye kile kilicholipiwa. Nusu hiyo kwa sehemu kubwa imebaki juu ya kila maktaba na wakutubi wake wachache, na hapo ndipo thamani ya ada tunazolipa inapovuja. Maarifa yanayolihusu ziwa lenyewe ndiyo yanayoumia zaidi.

Tuanze na jinsi mlango unavyofunguliwa. Leseni ya jarida la kielektroniki kwa kawaida haikipi chuo nakala ya kuweka rafuni. Inakipa haki ya kuingia kwenye seva ya mchapishaji kwa muda wa mkataba. Seva hiyo humtambua msomaji kwa anwani ya IP ya mtandao anaotumia. KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa Kenya ulioanzishwa mwaka 1999, uliviwezesha vyuo vingi kuingia kwenye intaneti kwa anwani zinazojulikana, na mkutubi huziwasilisha anwani hizo kwa mchapishaji ili ziingizwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Aliye ndani ya chuo haulizwi paswadi. Anabofya na ukurasa unafunguka. Tatizo huanza jioni, mwanafunzi akiwa chumbani mwake Luanda, jirani na Maseno, au nyumbani kisiwani Rusinga, na bando la simu. Anwani anayotumia sasa ni ya kampuni ya simu, na seva iliyomkaribisha mchana inamtaka alipe dola kadhaa kwa makala moja. Dawa iliyozoeleka ni seva ya wakala, mfano EZproxy, programu iliyotungwa na Chris Zagar mwaka 1999: msomaji hujitambulisha kwanza kwa chuo chake, kisha seva ya chuo humwombea ukurasa kwa kutumia anwani ya chuo. Lakini wakala huyo hajui kwamba msomaji anamhitaji. Ni lazima kiungo alichobofya kiwe kimeandikwa kwa namna inayompitisha kwake, na mahali pa kiungo cha namna hiyo ni kwenye katalogi au orodha ya majarida ya maktaba. Rekodi isipokuwapo, haki ya kusoma inabaki kwenye mkataba uliofungiwa kabatini.

Kwamba pengo kubwa liko hapo, na wala haliko kwenye wingi wa majarida, halikugunduliwa jana. Mwaka 2010 Jonathan Harle aliandika ripoti kwa niaba ya Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Jumuiya ya Madola baada ya kuchunguza upatikanaji wa majarida katika vyuo vikuu vya mashariki na kusini mwa Afrika, Nairobi na Dar es Salaam vikiwemo. Alichokikuta kiliwashangaza waliozoea kusema kwamba vyuo vyetu havina majarida: sehemu kubwa ya majarida yenye heshima katika fani mbalimbali ilikuwa inapatikana kwa njia moja au nyingine, ila wahadhiri na wanafunzi wengi hawakujua kwamba inapatikana, au hawakujua waingilie wapi. Ripoti ile haikuchunguza vyuo vya Nyanza, na mambo yamesogea tangu wakati huo. Hata hivyo sababu alizozionyesha ni za kimuundo, na muundo wa kununua vifurushi vikubwa kutoka kwa wachapishaji wengi, kila mmoja na tovuti yake, haujabadilika. Mwanafunzi anayetakiwa kwanza ajue ni mchapishaji yupi mwenye jarida fulani ndipo aweze kulitafuta ametwishwa kazi ya mkutubi.

Rekodi yenyewe ikoje? Tangu Henriette Avram na wenzake katika Maktaba ya Bunge la Marekani walipounda muundo wa MARC mwishoni mwa miaka ya 1960, rekodi ya katalogi imekuwa safu ya sehemu zenye namba: 245 ni jina la kitabu au jarida, 022 ni ISSN (namba ya utambulisho wa jarida), 651 ni mahali panapozungumziwa. Intaneti ilipokuja ikaongezwa sehemu ya 856, ambamo huandikwa kiungo cha kielektroniki, miaka inayopatikana, na maelezo kwa msomaji kuhusu nani anaruhusiwa kuingia. Kwa kitabu kimoja hiyo ni kazi ya dakika chache. Lakini kifurushi cha mchapishaji mmoja kinaweza kuwa na maelfu ya majina, na orodha hubadilika kila mwaka: jarida hili limeuzwa kwa mchapishaji mwingine, lile limefungwa, la tatu linapatikana kuanzia 1997 tu. Ndiyo maana mwaka 2010 mashirika ya NISO na UKSG yalitoa kanuni za KBART, zinazomtaka mchapishaji atoe jedwali lenye jina la jarida, ISSN zake, toleo la kwanza na la mwisho linalopatikana, na kiungo. Majedwali hayo hulishwa kwenye hazina ya taarifa ya maktaba, na hazina hiyo ndiyo inayoulizwa na kiunganishi cha OpenURL, mbinu iliyobuniwa na Herbert Van de Sompel na wenzake huko Ghent, Ubelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1990. Msomaji anabofya rejeo. Kiunganishi kinachukua jina la jarida, juzuu, mwaka na ukurasa, kinaangalia chuo kina haki wapi, kisha kinampeleka huko.

Mfano mmoja wa ziwa utaonyesha mnyororo huu unakatikia wapi. Mwanafunzi wa uzamili Bondo anaandika kuhusu mbuta, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kila makala ya kisasa anayoisoma inamrejesha kwa Geoffrey Fryer, aliyefanya utafiti katika shirika la uvuvi la Afrika Mashariki huko Jinja, na ambaye mwaka 1960 aliandika kupinga mpango wa kumleta samaki huyo. Makala yake ilitoka katika East African Agricultural Journal, na mwaka huohuo jarida likabadilisha jina kuwa East African Agricultural and Forestry Journal. Kwa kanuni za katalogi, jina likibadilika kiasi hicho linapata ISSN mpya na rekodi mpya, na rekodi mbili huunganishwa kwa sehemu za 780 na 785, moja ikitaja jarida lililotangulia na nyingine lililofuata. Iwapo hazina ya maktaba imelishwa jina la pili peke yake, kiunganishi kitalitafuta jina la kwanza, hakitaliona, na kitamjibu mwanafunzi kwamba chuo hakina. Matoleo ya zamani yanaweza kuwa yanapatikana kabisa kwenye jukwaa la mchapishaji wa sasa, na chuo kikawa na haki ya kuyasoma. Jibu litabaki lilelile. Hakuna ada ya ziada itakayolirekebisha jibu hilo. Litarekebishwa na mtu anayejua kwamba majarida hayo mawili ni jarida moja, akakaa chini akaandika mistari miwili. Na akishaiandika Bondo, hakuna sababu ya kimantiki kwa nini mwenzake wa Maseno, wa Rongo au wa Homa Bay airudie kazi hiyo upya.

Hapo tunafika kwenye kiini. Majarida ya kimataifa angalau yana mchapishaji ambaye faida yake inamsukuma kutoa majedwali ya KBART. Maandishi yanayolihusu ziwa letu kwa sehemu kubwa hayauzwi na mtu yeyote: ripoti za mradi wa mazingira wa LVEMP ulioanza 1997, tasnifu za Maseno na Bondo, taarifa za kituo cha Kisumu cha taasisi ya uvuvi ya KMFRI, nyaraka za Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu, na za Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Kisumu mwaka 1994 ingawa makao yake yako Jinja. Nyaraka za namna hii hazina muuzaji wa kuzitengenezea rekodi, na zina mkanganyiko wa majina unaozidi wa majarida. Ghuba inayoanzia Kisumu huitwa Kavirondo katika maandishi ya kikoloni, Winam katika mengine, na Nyanza katika mengi ya kisayansi ya miaka ya karibuni. Ripoti ya Michael Graham ya mwaka 1929, iliyotokana na uchunguzi wa uvuvi wa 1927 na 1928, inaliita ziwa Victoria Nyanza. Samaki aitwaye ngege, ambaye Graham huyohuyo ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1928, alianza kama Tilapia esculenta, akawa Sarotherodon esculentus, na leo ni Oreochromis esculentus. Omena wa Kisumu ni dagaa wa Mwanza na mukene wa Jinja, na katika makala za zamani anaitwa Engraulicypris argenteus kabla ya kuwa Rastrineobola argentea. Mtafiti anayeandika jina moja kwenye kisanduku cha kutafutia anapata kipande kimoja cha maarifa na kudhani amepata yote. Ripoti ya Graham ilionya juu ya hatari ya kuleta samaki mkubwa mla samaki bila utafiti wa kina, na mapendekezo yake ndiyo yaliyozaa kanuni ya mwaka 1933 ya nyavu zenye matundu yasiyopungua inchi 5. Anayeshauri kaunti leo kuhusu nyavu anastahili kufika hapo, hata kama alichoandika ni Winam na omena.

Ufundi wa kutatua hili ni wa zamani kuliko kompyuta. Wakutubi huandaa faili ya majina: jina moja linachaguliwa kuwa kiongozi, na mengine yote yanaelekezwa kwake, ili yeyote atakayeingia kwa jina lolote afikishwe mahali pamoja. Na kazi haianzii kwenye sifuri. KMFRI imeshiriki kwa miaka mingi katika ASFA, faharasa ya sayansi za maji inayosimamiwa na FAO, ambayo ina istilahi zake zilizopangwa. Nyaraka za taasisi hiyo zimewekwa pia OceanDocs, hifadhi ambayo mwaka 2021 iliunganishwa na Aquatic Commons ikawa AquaDocs. AGROVOC, kamusi ya istilahi ya FAO, ina sehemu yake ya Kiswahili. Zipo mbao na misumari; kinachokosekana ni faili ya ziwa iliyokubaliwa na maktaba zote za ufukweni na kutumiwa na zote.

Bila makubaliano hayo, hifadhi za kidijitali za vyuo zinaweza kujaa na bado zisionekane. Nyingi za vyuo vyetu zinatumia DSpace, programu huria iliyotolewa na MIT na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 2002, na maelezo yake yanafuata Dublin Core, mfumo wa sehemu 15 wenye chimbuko lake katika mkutano wa Dublin, Ohio, mwaka 1995. Tazama sehemu moja tu, tarehe. DSpace inatofautisha siku hati ilipopokelewa na hifadhi, siku ilipoanza kuonekana, na mwaka ilipotolewa. Anayepakia tasnifu ya mwaka 2006 akiacha nafasi ya tatu wazi, au akiijaza siku ya kupakia, ameifanya tasnifu hiyo ionekane ya mwaka huu. Mtafiti anayepanga matokeo kwa miaka ataiweka mahali pasipo pake, na takwimu za samaki za 2005 zitanukuliwa kana kwamba ni za leo. Kisha njoo kwenye kushirikiana. Itifaki ya OAI-PMH, iliyopo tangu 2001, inaruhusu hifadhi moja kukusanya maelezo ya hifadhi nyingine kila usiku bila mtu kushika kibodi. Kwa njia hiyo, dirisha moja la Kisumu lingeweza kuonyesha kilichomo Maseno, Bondo, KMFRI na kwingineko bila kuhamisha faili hata moja. Lakini kinachokusanywa ni kilekile kilichoandikwa. Kama hifadhi moja inaandika jina la mwandishi kwa kuanza na la ukoo na nyingine kwa kuanza na la kwanza, dirisha litakusanya vurugu kwa ufanisi mkubwa.

Pingamizi la kwanza, na ndilo ninalolichukulia kwa uzito zaidi, linasema kwamba hakuna anayefungua katalogi ya maktaba tena; wanafunzi wanatafuta kwenye Google, basi nguvu ziende huko. Ni kweli kwamba wanaanzia huko, na sioni sababu ya kuwazuia. Lakini Google Scholar, iliyoanza 2004, inaipata tasnifu ya Bondo kwa kusoma maelezo yaliyomo kwenye ukurasa wa hifadhi: kichwa, mwandishi, mwaka, faili. Maelezo yakiwa mabovu, tasnifu haiingii au inaingia kwa sura isiyo yake. Isitoshe, Google Scholar ina utaratibu wa kuonyesha viungo vya maktaba kando ya matokeo, ili mwanafunzi aone kwamba makala hii chuo chake kinayo. Na utaratibu huo unaitegemea orodha ya majarida ambayo maktaba yenyewe imeiandaa na kuiwasilisha. Kwa hiyo kuhamia Google hakuiondoi kazi ya rekodi. Kunaifanya isionekane, na kazi isiyoonekana ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti.

Pingamizi la pili linasema ufikiaji huria utamaliza habari hii, kwa kuwa majarida mengi zaidi yanasomwa bure kila mwaka. Nakubali kwamba yanaongezeka, na nafurahi. Ila kitu cha bure hakina ankara, na ankara ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha mkutubi kwamba kitu hicho kipo. Jarida huria la kikanda, au makala iliyowekwa kwenye African Journals Online, jukwaa lililoanzishwa 1998, haliingii kwenye kifurushi cha mchapishaji yeyote mkubwa. Lisipoorodheshwa kwa makusudi, mwanafunzi anaishia kusoma yaliyouzwa kwa nguvu na kuyakosa yaliyoandikwa na jirani yake. Kadiri vya bure vinavyozidi, ndivyo uteuzi na uorodheshaji unavyozidi kuwa na maana.

Wapo pia wanaosema, na hawa wanazungumza kutoka ndani ya kazi, kwamba wafanyakazi hawatoshi. Hawatoshi, ndiyo. Lakini upungufu huo ndio hoja yenye nguvu kuliko zote ya kugawana. Huko Ohio vyuo vilianza mwaka 1971 kunakili rekodi za wenzao kwa kompyuta kupitia OCLC, kwa sababu hiyohiyo ya kuchoka kuorodhesha kitabu kimoja mara hamsini. Koha, programu huria ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na inayotumiwa na maktaba nyingi za Afrika Mashariki, inamruhusu mkutubi kutafuta rekodi kwenye katalogi ya maktaba nyingine na kuivuta kwake kwa kubofya. Gharama iliyobaki ni ya makubaliano: nani anaorodhesha nini, na kwa kanuni zipi. KMFRI ichukue samaki na maji, Maseno ichukue afya ya jamii na historia ya Nyanza, Bondo kilimo na mazingira ya ufukweni, na kila moja ipokee kazi ya nyingine bila kuirudia. Maktaba ambazo zimeweza kukaa meza moja miaka yote hii na kugawana ada za dola zinaweza kugawana mistari ya rekodi.

Nje ya vyuo hali ni ngumu zaidi. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba chini ya kaunti, na msomaji wa maktaba ya umma Kisumu, awe mvuvi wa Dunga au mwalimu wa Nyakach, hayumo kwenye orodha ya IP ya chuo chochote. Daktari katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambayo mji mzima unaiita Russia, ana njia yake: mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, huzipa taasisi za afya zilizosajiliwa jina la kuingilia na paswadi. Kwa msomaji wa kawaida, kinachobaki ni vile ambavyo ni huria kisheria, yaani ripoti, tasnifu na nyaraka zilezile za ziwa. Hizo zinaweza kuonyeshwa kwenye katalogi ya maktaba ya kaunti leo bila kuomba ruhusa ya mchapishaji yeyote, mradi rekodi zake ziwepo na sehemu ya 856 ieleze wazi kwamba yeyote anaweza kufungua. Katika mpango wa kugawana rekodi, kwa hiyo, maktaba ya umma inapaswa kuwa mwanachama tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye wasomaji wasio na mlango mwingine.

Nani aitunze faili hiyo ya majina? Kamisheni ya Bonde ina faida ya kuwa Kisumu na ya kuzihudumia nchi zote za bonde, na majina ya ziwa hayaishii mpakani Muhuru Bay. Kasoro yake ni kwamba kazi zake nyingi zinakwenda kwa miradi, na mradi una mwisho. Faili ya majina haina. KLISC ina udumifu na ina uzoefu wa kuwakutanisha wakutubi, ila ni ya Kenya peke yake. Mimi ningeanza na KLISC, kwa kikundi kidogo cha maktaba za Nyanza, na kuzikaribisha Mwanza na Jinja mara faili inapokuwa na kitu cha kuonyesha: ghuba na majina yake matatu, ngege, omena na mbuta na majina yao yote ya kisayansi na ya kienyeji, taasisi zilizobadilika tangu Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, na yale majarida mawili ambayo ni jarida moja.